Karate na Judo Ukiwa Dimani: Mwalimu wa Mbali, Mwenzako wa Karibu

Kama unaishi Dimani, wilayani Kibiti, na moyo wako uko kwenye karate, judo au ngumi, una watu wawili wa kutafuta. Wa kwanza ni mwalimu. Huyo huenda akawa Dar es Salaam, Zanzibar au nje ya nchi, na mara nyingi mtaonana kwenye simu. Wa pili ni mwenzako wa mazoezi, na huyo lazima awe jirani, kwa sababu hakuna simu inayoweza kukushika ukosi ikakuangusha. Vijana wengi hutumia miezi na miezi kutafuta video bora na mwalimu bora, huku mwenza wakimwacha aje mwenyewe. Ushauri wangu ni kuwatafuta wote wawili kwa wakati mmoja, na ukilazimika kuchagua pa kuweka nguvu, ziweke kwa mwenza. Video zimejaa tele. Mtu atakayefika uwanjani kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, mwezi hata mwezi, ndiye adimu.

Simu inafundisha nini?

Mfano unaotajwa sana Afrika Mashariki ni wa Julius Yego, Mkenya wa Nandi, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa wa Ulaya. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa kurusha mita 92.72, na mwaka uliofuata akapata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Rio. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ina nusu ya pili ambayo wengi hawaisimulii: kabla ya kufika kileleni Yego alikwenda Kuortane, Finland, akafundishwa ana kwa ana na kocha Petteri Piironen. Tena mkuki hauna mpinzani. Haukusukumi wala haukwepi.

Katika sanaa za mapigano kuna mambo matatu ya kujifunza: umbo, umbali na wakati. Umbo ni namna unavyosimama, njia inayopitiwa na ngumi, na mpangilio wa hatua. Hilo simu inalifundisha vizuri, maana unaweza kurudisha video nyuma mara hamsini bila mtu kuchoka nawe. Umbali ni kujua mkono wa mwenzako unafika wapi. Wakati ni kujua lini uingie na lini utoke. Haya mawili ya mwisho huja tu pale unaposimama mbele ya mtu mwenye nia yake mwenyewe.

Kwa hiyo pima mapema mchezo unaoutaka. Karate na taekwondo zina sehemu kubwa ya kufanya peke yako. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, taekwondo ilifanya hata mashindano ya kimataifa ya mfuatano wa mapigo kwa njia ya mtandao, kila mchezaji akijirekodi alipo. Ngumi ziko katikati: kuruka kamba, mwendo wa miguu na kupiga gunia utayafanya peke yako, ila kukwepa utafundishwa na ngumi inayokuja. Judo, jujitsu na mieleka bila mtu wa kumshika haziendi. Kama huna mwenza hata mmoja leo, anza na karate au ngumi huku ukijenga kikundi.

Kumpata mwalimu wa mbali

Angalia kwanza tuliyonayo nchini. Karate ya mtindo wa Goju-ryu ilipandwa Dar es Salaam miaka ya 1970 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyehamia huku, na dojo yake (ukumbi wa mazoezi) ya Zanaki ilizaa walimu ambao nao walizaa wengine. Zanzibar, judo ilijengwa kwa miaka mingi na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani na kuwafundisha vijana wa huko. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Tanzania iliwakilishwa katika judo na Andrew Thomas Mlugu. Upande wa ngumi, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimpiga Sam Eggington mjini Birmingham mwaka 2018, na klabu za ngumi zimeenea mitaa mingi ya Dar.

Nayataja haya kwa sababu mwalimu wa mbali aliye bora ni yule unayeweza kumfikia kwa basi. Kutoka Kibiti, magari ya Barabara ya Kilwa hukushusha Mbagala Rangi Tatu, na unaweza kurudi kesho yake. Mwalimu wa ng'ambo hata awe maarufu kiasi gani hatakushika kiuno akakirekebisha. Chagua mtindo unaofundishwa mahali ambapo utafika walau mara tatu kwa mwaka, kisha simu ijaze siku zilizobaki.

Ukimpata mtu, muulize maswali haya kabla ya kutoa pesa:

1. Alifundishwa na nani, na mwalimu wake anatambuliwa na chama gani?
2. Je, unaruhusiwa kukaa pembeni kutazama darasa lake zima? Mwalimu wa kweli hana cha kuficha.
3. Wanafunzi wake wanaumia mara ngapi, na wakiumia hufanywa nini?
4. Yuko tayari kupokea video yako moja kwa wiki na kukujibu kwa sauti?
5. Mkanda hutolewaje? Anayekuahidi mkanda mweusi kwa malipo bila kukuona ukifanya mtihani, achana naye.

Safari ya kwanza ifanye kabla ya kuanza, si baada ya mwaka. Mwombe mwalimu akuonyeshe mambo matatu tu: kusimama, pigo moja na kuanguka. Rudi nayo Dimani. Msingi ulioshikwa na mkono wa mtu tangu mwanzo hukuepusha na kosa litakalokuchukua mwaka kulifuta.

Bando, kamera na daftari

Usijifunze kwa kutazama video moja kwa moja mtandaoni. Mtandao ukiyumba, utazamaji unakatika na bando linaondoka. Pakua usiku au ukifika Kibiti mjini, uhifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu. Video ya dakika kumi kwa ubora wa 360 hula kama MB 50, na kwa kujifunza hatua inatosha. Kisha punguza kasi hadi nusu, utazame kwa zamu: mara ya kwanza miguu tu, ya pili kiuno tu, ya tatu mikono. Anayetazama mikono kwanza hubaki mtu wa mikono.

Unapojirekodi kwa ajili ya mwalimu, weka simu kwenye ndoo iliyopinduliwa, usawa wa kiuno, hatua tano kutoka ulipo. Jirekodi sekunde ishirini kutoka mbele na sekunde ishirini kutoka ubavuni, jua likiwa nyuma ya simu. Vaa suruali isiyoficha magoti. Tuma kwa WhatsApp ukiambatanisha swali moja tu, kwa mfano: “Shikamoo mwalimu. Kisigino changu cha nyuma kinanyanyuka ninapopiga. Nirekebishe wapi?” Swali moja hupata jibu. Maswali saba huachwa mpaka mwalimu apate nafasi, na nafasi haipatikani.

Jibu likija, liandike kwenye daftari pamoja na tarehe, na ufanye hilo moja wiki nzima.

Kuwapata wenzako

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema: “Dimani hakuna anayejua judo.” Huenda ni kweli, na haijalishi. Humtafuti ajuaye, unamtafuta atakayekuja. Mtu mvumilivu asiyejua kitu atakuwa mwenza mzuri ndani ya miezi mitatu, ilhali fundi asiyefika hana msaada wowote.

Pitia kwa utaratibu maeneo haya. Uwanja wa mpira jioni: wachezaji wa akiba na vijana waliostaafu kwa goti bovu bado wana hamu ya mazoezi. Kijiwe cha bodaboda: hapo kuna watu wenye saa za kupoteza na sababu nzuri ya kutaka kujua kujilinda. Shuleni: waulize walimu vijana waliopangiwa huku kutoka mijini, maana baadhi yao waliwahi kugusa karate au taekwondo chuoni. Wauguzi na maofisa ugani vivyo hivyo. Waliopitia JKT na mgambo wamezoea nidhamu ya kufika kwa wakati, na hiyo ndiyo nusu ya kazi. Ulizia pia Kibiti mjini na Bungu, kwa sababu mtu aliyewahi kufanya mazoezi Dar akarudi nyumbani hana wa kufanya naye, na huenda anakutafuta wewe.

Lenga watu wanne. Mkiwa wawili, mmoja akiugua mazoezi yamekufa. Mkiwa wanne, wawili wakikosa bado mazoezi yapo. Chagua wanaokaribiana uzito, hasa kwa judo. Na kabla ya jambo lolote, chunguza tabia. Anayetaka kujifunza ili akamwonyeshe fulani, mwambie kwa upole kwamba nafasi imejaa.

Wasichana wakitaka kujiunga, wapokee na uwape utaratibu wao: wafanye wao kwa wao, na mtu mzima wa kike wanayemheshimu awepo. Nenda mwenyewe kwa wazazi, kaa chini, eleza saa, mahali na wahusika. Mama akitaka kuja kutazama, mtandikie mkeka. Suala la stara lina majibu: mwaka 2012 Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza judo kwenye Olimpiki ya London akiwa amefunika nywele. Kuinama kwa salamu ya Kijapani nako kukiwatatiza baadhi yenu kwa sababu ya dini, zungumzeni na mwalimu mapema mkubaliane salamu nyingine ya heshima.

Wenyeji wajue

Sehemu hii usiiruke. Mwaka 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita kwenye mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi. Familia zilizofiwa tunaishi nazo, na hofu ya wakati ule haijasahaulika. Kundi la vijana wakijifunza kupiga na kukaba mahali pa kificho litamtisha mtu yeyote mwenye akili timamu, na ana haki ya kutishika.

Basi fanyeni kila kitu mchana na mahali pa wazi. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mwende pamoja kwa mtendaji wa kijiji mkiwa na barua fupi: majina yenu, mchezo, siku, saa, uwanja, na jina la mwalimu wenu wa mbali na klabu yake. Ombeni nakala igongwe muhuri. Nakala nyingine ifike kwa polisi kata na kwa afisa michezo wa wilaya pale Kibiti. Afisa michezo ndiye pia wa kuwaelekeza kikundi kikikua mkataka kusajili klabu kwa utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa. Mkaribisheni mtendaji siku ya kwanza. Akiwaona mnafundishana kuanguka na kusalimiana, atakuwa mtetezi wenu mbele ya wengine.

Uwanja na mkeka

Kwa karate na ngumi kipande cha ardhi iliyofagiliwa kinatosha. Okoteni vigae, mifupa ya samaki na miiba kila siku kabla ya kuanza.

Kwa judo mnahitaji mkeka, na eneo la mpunga lina malighafi. Chukueni pumba za mpunga mashineni, mzijaze kwenye viroba vya sandarusi hadi robo tatu, mshone midomo, mvipange kwa tabaka mbili zilizopishana kama matofali. Funikeni kwa turubai na mlivute kwa kamba kwenye vigingi pande zote nne ili lisijikunje vidoleni. Jaribuni kwa goti: ukidondosha goti lako kutoka kuchuchumaa ukasikia ardhi, ongezeni tabaka. Mkeka huu unafaa kwa kuanguka kutoka chini na kwa kazi ya kulala chini. Kutupana kutoka urefu wa begani kusubiri mkeka wa klabu. Baada ya mvua fungueni mkaanike, kwa kuwa pumba zikilowa huota ukungu.

Zoezi la kwanza: kuanguka

Hata ukichagua karate, anza hapa. Chuchumaa, mikono imenyooka mbele ya kifua, kidevu kimebanwa kifuani, macho kwenye kitovu. Shusha makalio karibu kabisa na visigino, ujiviringishe nyuma na mgongo wa duara. Mabega yanapogusa mkeka, piga mkeka kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, viganja chini, mikono ikiwa mbali kidogo na mbavu, nusu ya njia kuelekea mabegani. Kichwa hakigusi chini. Usipeleke kiganja nyuma kujizuia, kwa sababu hapo ndipo kifundo cha mkono huvunjika.

Mwenzako ana kazi yake. Abane kitambaa kidogo kati ya kidevu chako na kifua kabla hujaanguka. Kitambaa kikidondoka, kidevu kimefunguka, na mara hiyo haihesabiki. Fanyeni kumi kila mmoja, kila siku ya mazoezi, kwa mwezi mzima. Kutoka kuchuchumaa mtapanda hadi kusimama pale tu mwalimu atakapoona video na kuruhusu.

Zoezi la pili: hatua moja

Simameni mkitazamana. Mshambuliaji apige hatua moja mbele na kunyoosha ngumi ya kulia mpaka iguse kidogo kifua cha mwenzake, kisha arudi alipokuwa. Sasa umbali umepimwa. Ataje shabaha kwa sauti, “Kifua!”, asubiri pumzi moja, aingie kwa mguu na ngumi ya kulia. Mlinzi arudishe mguu wa kulia nyuma, apanguse ngumi kwa mkono wa kushoto, kisha ajibu kwa ngumi ya kulia inayosimama kabla ya mbavu. Mara tano, mbadilishane.

Kosa la wanaoanza ni huruma. Mshambuliaji hupiga pembeni au huishia njiani ili asimuumize rafiki yake. Mlinzi naye huzoea kupangusa hewa, na siku ngumi ya kweli ikija mkono wake unachelewa. Ukimpenda mwenzako, ingia kwa umbali kamili ila kwa kasi ndogo. Kasi itaongezwa na mlinzi mwenyewe kwa neno moja: “Ongeza.” Asiposema, haiongezwi. Hapo ndipo umbali na wakati vinapofundishwa, na hakuna video itakayokupa hilo.

Kalenda inayofuata maisha ya hapa

Ratiba ya mjini, siku tatu kwa wiki mwaka mzima, huku haidumu. Wenzenu wa vijiji vya delta ya Mto Rufiji hufuata bamvua na maji mafu, na wavuvi wa usiku wanaotumia taa hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Wakulima wa mpunga, wakati wa kulinda ndege, huhamia madunguni wiki kadhaa. Masika yakikolea njia hukatika, na mafuriko ya mwaka 2024 yalituonyesha mto huo unavyoweza kufunga kila kitu.

Gawa mwaka mara tatu. Wakati wote mpo, fanyeni kazi ya wawili wawili na mwache mengine. Wakati mmetawanyika, kila mmoja afanye kazi ya umbo alipo, hata chini ya dungu, dakika ishirini alfajiri, na atume video kwenye kundi la WhatsApp kila Ijumaa mtandao ukikamata. Wakati wa kupumua baada ya mavuno, pesa ya mpunga au korosho ikiwa imeingia, changeni nauli mwende kwa mwalimu pamoja. Mwezi wa Ramadhani punguzeni: mfuatano wa polepole kabla ya futari, au kazi fupi baada ya tarawehe kwa anayeweza.

Mipaka ya usalama

Kukaba shingo, kunyonga viungo na kupigana huru msijifunze kwenye video. Subirini mwalimu awepo kwa mwili. Wekeni ishara moja ya kusalimu amri, kupiga mkeka au mwili wa mwenzako mara mbili, na anayeipuuza apumzishwe mwezi. Vaeni vilinda meno mnapoanza ngumi za kugusana. Aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau kilichotokea, mazoezi kwake yameisha siku hiyo. Apelekwe zahanati, na hali ikizidi, hospitali kama ya Mchukwi. Namba ya bodaboda anayelala karibu na uwanja iwe kwenye simu ya kila mmoja.

Wiki hii

Usisubiri sare wala mkanda. Ndani ya siku saba zijazo, ongea na watu sita ukitarajia wanne wakubali. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, umsalimie, umweleze. Piga simu kwa klabu moja ya Dar uulize siku ya kwenda kutazama. Pakua video moja ya kuanguka na moja ya kusimama, basi. Kisha tangaza siku na saa, ufike wa kwanza na ufagie uwanja. Akija mmoja tu, fanya naye zoezi la hatua moja mpaka giza liingie, na mwambie siku inayofuata kabla hajaondoka.